Mchele wa Watoto Wasiokuwepo

"Mchele uko wapi, mama?"

"Mchele gani?"

"Mchele mpya wa Katindiuka. Gunia nililolileta kwa baiskeli, nikalisimamisha hapa hapa nyuma ya mlango."

"Limeliwa na ndege," akasema Natalia, akaendelea kuchambua majani ya maboga bila kuinua macho.

"Ndege gani wanaoingia jikoni wakala mchele na gunia lake?"

"Kwelea. Walikuwa wengi. Mimi na Aurelia tumewaona."

Nikaitika kwamba nimewaona. Nikaongeza kwamba mmoja alikuwa amevaa kofia. Sipendi kumwacha mwenzangu na uongo mwembamba wakati naweza kumnenepeshea.

"Mama mdogo, wewe nyamaza," Viktor akaniambia. "Wewe ni mpishi tu hapa."

"Mpishi wa nini, Bwana Mkubwa? Mchele si umeliwa?"

Viktor, mtoto wa Natalia, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, nusu ndani nusu nje, maana hakutaka masizi yaguse kaptura yake nyeupe. Soksi amezivuta mpaka magotini. Jasho lilikuwa limeshaanza kumtoka chini ya kofia, na kisa chake kilikuwa nyuma yake: kule sebuleni kwake wenzake watatu walikuwa wameshakaa, wananusa hewa kama paka, wanasubiri wali.

Wazee hao wanne, Viktor akiwa wa nne, ndio waliokuwa wakiiongoza Jumuiya ya Kuchunguza Elimu ya Watoto wa Bonde. Jina refu hilo. Ukilianza Ifakara, unalimaliza Mahenge. Huko Ulaya kulikuwa na watu wema wasiotujua, wakachanga sadaka zao ili ichunguzwe kwa nini watoto wetu wanaanza shule na hawamalizi. Na katika watu wote wa bonde hili, wa kuchunguza wakapatikana hawa.

Walikuwa na sheria nyingi, lakini waliyoitii ni moja. Jambo likishazungumzwa, wote wanakula sinia moja, na anayetia mkono amekubali. Lisiloliwa halijapita. Sheria hiyo waliitunga kabla ya kutunga kitu kingine chochote, na mimi jirani wakanifanya mpishi wa kupitisha mambo yao. Nimewapitishia mambo ya kijinga mengi, Mungu anisamehe, na mengine niliyatia chumvi ya kutosha kabisa.

Jambo la siku hiyo lilikuwa hili: shule ya Katindiuka ifungwe. Mwalimu Sebastiani ahamishwe, bati zing'olewe, zije kuezeka banda la mikutano uani kwa mwenyekiti. Sababu? Jumuiya imechunguza, imeona kwamba Katindiuka hakuna watoto. Na mjumbe wa wale wafadhili alikuwa njiani siku hiyo hiyo, anakuja kuchukua neno lao na kuondoka nalo. Likishaliwa, limekwenda.

Sasa Natalia alikuwa na mjukuu, Rosa, binti wa huyo huyo Viktor. Mama yake alifariki, baba akaoa mjini, mtoto akabaki kwa bibi yake Katindiuka. Shule ile ndiyo pekee ambayo miguu ya Rosa iliweza kuifikia na kurudi. Ikifungwa, Rosa angekuwa kama mimi na Natalia, ambao tukishika gazeti, ujue ndani yake kuna samaki.

"Mama," akasema Viktor, akishusha sauti, "leo si siku ya mchezo. Wazee wameshakaa. Mgeni anakuja. Bila sinia jambo halipiti."

"Najua halipiti. Mimi si mgeni wa sheria zenu."

"Basi toa mchele."

"Mwanangu, nitautoa wapi? Nyinyi si mmesema Katindiuka hakuna watoto? Haya, kama hakuna watoto, ndege wa shambani kwangu waliamiwa, wakafukuzwa, na nani? Hawakuamiwa. Na mpunga usioamiwa hauvunwi, unaliwa. Nami nakubaliana na Jumuiya. Hakuna watoto, hakuna mchele. Nenda kawaambie mama yako amekubali uchunguzi wenu kuliko nyinyi wenyewe."

Viktor akasonya, lakini kwa ndani, maana yule ni mama yake. Kisha viatu vyake vikaondoka vinalia kuelekea sebuleni.

Viatu hivyo nina habari navyo, na mwenye viatu nina habari naye zaidi. Nilikuwepo alipozaliwa. Alizaliwa juu ya dungu, kile kibanda chetu cha kukaa juu ya miti tukilinda mpunga, kwenye masika ambayo Mto Kilombero uliamua kutembelea watu majumbani. Ngazi ilikuwa imebaki kidato kimoja, vingine vyote viko majini. Kiboko mmoja akaja akaegemea nguzo. Nikamwambia, "Bwana, hapa kuna mzazi." Akaomba radhi, akarudi kinyumenyume. Viktor alipotoa kilio cha kwanza, kwelea wote wa upande ule waliruka wakaenda kutua Kilosa, na hawakurudi mpaka mpunga ulipokuwa ghalani. Natalia alivuna mwaka ule mpaka panya wakaomba kupumzika.

Akakulia pale pale juu. Alijua kombeo kabla ya kujua kijiko. Alikuwa akirusha donge la tope kwa kasi, ndege anafika chini ameshababuka manyoya, sisi tunatia chumvi tu. Kiangazi anasoma, masika anaamia ndege. Darasa ambalo mtoto wa padri angelisoma kwa mwaka, kama padri angekuwa na mtoto, Viktor alilisoma kwa miwili. Hakuwa mjinga. Alikuwa shambani. Hivyo ndivyo walivyosoma wote wa bonde hili waliosoma, pamoja na hao watatu waliokuwa wakinusa hewa sebuleni. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye makalio yake hayakupata alama ya fito za dungu.

Kisha akapata ukarani kwenye mizani ya pamba. Nilimwona siku alipovaa viatu mara ya kwanza. Alipita daraja la Lumemo, viatu vinalia kwi kwi kwi, na vyura wote wa mto ule wakaitikia, wakidhani amefika mkubwa wao. Viktor akavua kofia akawapungia. Tangu siku ile hajatembea tena, anapita tu. Ukimwita kwa Kindamba, lugha yetu, anakuuliza kwa Kiswahili, ukimwita kwa Kiswahili anatazama saa. Akajenga nyumba ya sakafu ya saruji, na sakafu hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye Jumuiya. Wale wenzake hawakuitaka akili yake. Walitaka mahali pakavu pa kuwekea miguu.

Na hao wenzake, mniruhusu niwataje kabla chakula hakijapoa, ingawa chakula chenyewe hakipo. Mwenyekiti alikuwa Fulgensi. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa na kiti chenye mikono, na alikuja nacho mwenyewe kila mkutano, kimebebwa kichwani na mkewe. Wa pili Teofili, katekista mstaafu, ambaye alisinzia tangu sala ya kufungua mpaka sala ya chakula, na kwa hiyo katika maisha yake ya Jumuiya alisikia sala tu. Wa tatu Yunusi, mwenye duka, mtu wa asili ya pwani, mpole sana. Ukimuuliza jambo anakwambia, "Mimi niko pamoja na wengi," hata wakiwa bado hawajafika.

Mwanzoni walichunguza waitwe nani. Wakala. Wakachunguza muhuri wao uwe na picha ya kitabu au ya tembo, wakabishana msimu mzima, ikatoka picha ya tembo anasoma kitabu. Wakala. Wakachunguza nani akae karibu na dirisha, hapo walikula mara mbili. Watoto walikuwa bado hawajafikiwa. Mwishowe wafadhili wakauliza kwa upole, kama watu wa kule wanavyouliza, jamani mmeona nini? Ndipo wazee wetu wakaamua kwenda kuona.

Wakaenda lini? Aprili. Mtu yeyote wa Kilombero, hata aliyepigwa na radi, anajua kwamba Aprili mpunga unatoa masuke na Katindiuka nyumba zimebaki na kufuli za kamba. Tumehama wote, vyungu, kuku, bibi na wajukuu, tuko mbugani juu ya madungu. Watoto ndio wenye macho na koo, basi tangu kunapambazuka mpaka giza ni wao wanaopiga debe, wanaovuta kamba za makopo, wanaorusha makombeo. Mtoto akienda darasani siku moja tu, jioni mpunga wako uko tumboni mwa ndege. Jumuiya nzima ilijua hilo. Wamelijua tangu matumboni mwa mama zao. Lakini ukishavaa soksi mpaka gotini, kuna mambo yanabaki chini ya soksi.

Walikwenda wanne chini ya mwavuli mmoja, kila mmoja na bega lake moja lililolowa. Kijijini wakamkuta Mzee Hilari, kipofu, ameachwa na kuku wake.

"Watoto wako wapi?" akauliza Fulgensi.

"Nani anauliza?"

"Ni Jumuiya ya Kuchunguza Elimu ya Watoto wa Bonde."

Mzee Hilari akasubiri jina liishe. Likachelewa. Akasinzia.

Wakaenda shuleni, wakamkuta Mwalimu Sebastiani anacheza bao na mbuzi, na mbuzi alikuwa anaongoza. Hilo aliniambia Sebastiani mwenyewe, mbuzi sikumuuliza. Sebastiani akainuka, akawaamkia, akawaambia, "Wazee, watoto wako mashambani, mnajua wenyewe. Njooni Julai, mtakuta wengine wanakaa dirishani kwa kukosa nafasi."

Fulgensi akamjibu, "Mwalimu, hatukuja kuulizia mashamba. Tumekuja kuulizia shule."

Yunusi akasema yuko pamoja na wengi. Teofili alikuwa amelala, amesimama. Na Viktor? Kutoka pale shuleni, upepo ukivuma, unasikia kelele za watoto wanaoamia ndege mbugani, na moja ya sauti hizo ilikuwa ya Rosa, maana Viktor mwenyewe ndiye aliyempeleka bintiye dunguni mpunga ulipochanua, akamwambia, "Linda vizuri, nusu ya gunia ni yangu." Viktor akaisikia. Akauinamisha mwavuli upande ule.

Natalia alipoelezwa na Sebastiani, hakupiga kelele. Alikaa, akapepeta mchele. Siku zile tulikuwa tumeshavuna jaruba moja la mpunga wa mapema, lile lingine bado likilindwa, na Viktor akaja na baiskeli kuchukua gunia la kwanza kwa ajili ya kumkaribisha mgeni. Natalia akamtwisha mwanawe gunia, akamwachia Rosa dungu, akashuka na Viktor mjini kuja, kama alivyosema, kusaidia jikoni. Mchele tuliuhamishia kwangu kwa kupitia ua wa nyuma, mimi nimeshika masikio ya gunia na yeye miguu. Ulikuwa chini ya kitanda changu muda wote ule wa ndege wenye kofia.

Basi tuendelee. Kutoka sebuleni nikamsikia Fulgensi, "Viktor, mgeni akifika atukute tumeshamaliza. Jambo liko wazi. Chakula kije."

"Kinakuja, Mwenyekiti," akasema Viktor, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama fito.

Natalia akanitazama. Nikamtazama. Nikachukua sinia kubwa, lile la sherehe, nikalijaza vizuri, nikalitengeneza kilima katikati kama unavyotengeneza wali wa wakubwa, nikafunika kwa kawa. Nikaingia nalo nimepiga goti kwa adabu kuliko siku zote. Ningejiona, ningejishuku.

"Ahsante, Bi Aurelia," akasema Fulgensi. "Katekista, sala."

Sala ilimwamsha Teofili. Akaanza kumshukuru Mungu kwa mvua, kwa jua, kwa wafadhili. Sasa Fulgensi alikuwa na tabia moja ambayo mimi mpishi niliijua, na Mungu pia: wenzake wakifumba macho, yeye alipenyeza mkono chini ya kawa, akala tonge la kwanza kabla ya amina. Siku hiyo akapenyeza. Akatia mdomoni tonge kubwa la mwenyekiti. Akatafuna mara moja.

Zilikuwa pumba. Pumba za mpunga, safi, kavu, za mchele ule ule.

Alikohoa mpaka mjusi akadondoka kutoka darini. Alikohoa mpaka kiti chenye mikono kikasogea chenyewe hadi mlangoni. Wingu la pumba likatanda sebuleni, Yunusi akawa mweupe kama mtu aliyefufuka, na Teofili akasema amina kwa hofu.

"Pumba!" Fulgensi akapata sauti. "Viktor! Unatulisha pumba, sisi! Nyumbani kwako!"

"Mimi sijui, Mwenyekiti, mimi..."

"Pumba ni chakula cha kuku! Umetufanya kuku!"

"Kuku angejua kuchunguza," nikasema, lakini nilisema nikiinama kuokota kawa, kwa hiyo sina hakika nani alisikia.

Natalia akaingia polepole, anafuta mikono kwenye kanga. "Shikamooni nyote," akasema, ingawa alikuwa mkubwa kuliko wote. "Hayo ndiyo mavuno ya Katindiuka bila watoto, wanangu. Maganda yamebaki, ndani wamekula ndege. Kuleni. Anayetia mkono amekubali, si ndivyo? Mwenyekiti ameshatia. Bado watatu."

Yunusi akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Bi mkubwa," akasema, "mimi... wengi bado hawajawa wengi."

"Mama, toka nje!" Viktor akapiga kelele.

"Nitatoka. Kwanza kula. Au sema."

"Niseme nini?"

"Kwamba ndege wameula mchele wote. Waambie wenzako. Wathibitishie uchunguzi."

"Mchele haukuliwa na ndege!"

"Ulipona vipi? Hakukuwa na mtoto wa kuamia."

Fulgensi, pumba zikimtoka puani, akamgeukia Viktor. "Ala! Kumbe mchele upo, unatuficha? Unataka kuuza wali wa mkutano? Wewe ni mwizi, Viktor. Tangu utotoni dungu lenu lilikuwa linaiba ndege wa dungu letu!"

Mnaona kilichokuwa moyoni mwa mtu? Ukiwaita hawa wajinga, wanatazama saa. Waite wezi wa wali, utawaona walivyo. Viktor akasimama, kofia ikaanguka, mshipa wa shingo ukatoka kama mzizi, na Kiswahili chake cha ofisini kikamkimbia kabisa.

"Mimi mwizi? Mchele ule ni wangu! Nusu ya gunia ni yangu! Nani kasema ndege wameula? Hakuna ndege aliyetua jaruba lile, hata mmoja! Rosa wangu yuko juu ya dungu tangu mpunga uchanue, ana kombeo kama mimi baba yake! Dungu la pili wajukuu wa Aurelia, la tatu watoto wa Kandida, na wako wewe mwenyewe, Fulgensi, wajukuu zako wako la nne, wanapiga debe mpaka sauti zimewakauka! Bonde zima limejaa! Utaniambia mimi ndege wamekula mchele wakati kila dungu lina watoto?"

"Watoto gani, mwanangu?" akauliza Natalia taratibu.

"Watoto wa Katindiuka!"

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa mjumbe wa wafadhili, mama wa Kizungu mwembamba, tope limempanda mpaka magotini, miguu mitupu. Alikuwa anatoka Chita, lori lake likazama kwenye matope upande wa mbugani, na ilibidi mtu amshike mkono amvushe majaruba mpaka mjini. Alikuwa amesimama pale kwa muda. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kimenyooka kama rula, na alikuwa amekisikia chetu chote.

Nyuma yake akaingia huyo aliyemshika mkono. Kombeo shingoni, viatu vya mgeni kichwani, miguu ya rangi ya mto. Akavitua vile viatu kwenye sakafu ya saruji ya baba yake, akaunganisha mikono, akapiga goti.

"Shikamooni, wazee," akasema Rosa.

Pumba zilikuwa bado zinashuka hewani. Viktor alikuwa amesimama na mkono juu, kidole kikielekea mbugani. Fulgensi alikuwa amefumba mdomo na kitu ndani yake. Yunusi akamtafuta wa kuwa pamoja naye, hakumpata. Teofili, kwa mara ya kwanza katika Jumuiya, alikuwa macho.

Rosa akasubiri, kama alivyofundishwa. Akarudia, kwa sauti ya dunguni, sauti ambayo kwelea wanaifahamu.

"Shikamooni!"

Na wale wazee wanne waliochunguza bonde zima wakabaki wanatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake ndiye aitike marahaba.